Stopuwachi na Kamba: Nani Anapanga Kazi ya Kiwandani

Mwaka 1924, nchini Japani, Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliojua kujisimamisha. Uzi ukikatika, mtambo ulitulia papo hapo ukamsubiri mtu. Mitambo mingi iliyotangulia haikuwa na adabu hiyo: uzi ulikatika, mtambo ukaendelea kufuma, na jora likaharibika kabla ya mtu kutambua. Kwa hiyo viwanda viliajiri watu wa kusimama kando ya mitambo kutwa nzima, kazi yao kukodolea nyuzi macho. Mtambo wa Toyoda uliwaondolea ulinzi huo. Mfumaji mmoja sasa aliweza kuhudumia mitambo mingi kwa pamoja, akienda pale tu alipohitajika. Mwaka 1929 Platt Brothers, kampuni ya Uingereza iliyotamba duniani kwa mashine za nguo, ilinunua haki za uvumbuzi huo kwa pauni 100,000.

Mtambo unasimama, mtu anaamua. Kanuni hiyo ni mojawapo ya mizizi ya kile ambacho wataalamu wa viwanda leo hukiita usimamizi wa michakato ya kazi unaomweka mtu katikati. Jina hilo refu limechoshwa na semina, lakini limebeba mzozo wa kweli wenye umri unaozidi karne: nani anaijua kazi vizuri zaidi, na nani ana mamlaka ya kuibadilisha au kuisimamisha.

Nchini Marekani mzozo huo uliamuliwa mapema, na ushindi ulikwenda ofisini. Frederick Winslow Taylor, mhandisi aliyezaliwa 1856, aliamini kwamba kila kazi, hata ya kubeba mzigo, ina njia moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba anayeifanya hawezi kuigundua mwenyewe. Mwaka 1899, katika kampuni ya Bethlehem Steel huko Pennsylvania, alishughulika na vibarua waliopakia vipande vya chuma ghafi, kila kimoja cha kilo 42 hivi, kwenye mabehewa ya reli. Walikuwa wakipakia tani 12 na nusu kwa mtu kwa siku. Taylor akataka 47. Kibarua aliyekubali kuinama, kubeba na kupumzika kwa amri ya mtu mwenye saa alipandishiwa ujira kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku. Katika kitabu chake cha 1911 Taylor alimwita kibarua huyo Schmidt na kumfananisha na ng'ombe kwa uzito wa akili. Watafiti waliopekua nyaraka za kampuni miaka mingi baadaye walikuta kisa kimetiwa chumvi nyingi, ila wakati huo kilikuwa kimekwisha kuzunguka dunia.

Silaha ya Taylor ilikuwa stopuwachi. Mwezi Agosti 1911, katika karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, Massachusetts, mafundi wa kusubu chuma waliweka zana chini baada ya mwenzao kufukuzwa kwa kukataa kupimwa kwa saa. Bunge likaanzisha uchunguzi, Taylor akaitwa kutoa ushahidi mwaka 1912, na baadaye vifungu vya sheria za bajeti vikapiga marufuku stopuwachi katika karakana za silaha za serikali. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1949. Si kawaida bunge kutunga sheria juu ya chombo kinachotosha mfukoni, lakini mafundi wa Watertown walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba mwenye saa ndiye mwenye kazi.

Henry Ford hakuhitaji kumpima kila mtu, kwa kuwa laini yake ya uunganishaji ilikuwa saa tosha. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, chasisi zilianza kuvutwa kupita mbele ya watu waliosimama mahali pamoja, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka takriban saa 12 na nusu hadi dakika 93. Watu waliikimbia laini hiyo. Ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000 kazini, Ford alilazimika mwaka huo kuajiri zaidi ya 50,000. Tarehe 5 Januari 1914 alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya uliokuwapo, na watu wakabaki. Alinunua uvumilivu wao kwa bei nzuri. Maoni yao juu ya kazi hayakuwamo kwenye mapatano.

Ushahidi kwamba maoni hayo yana thamani ulitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza. Machimbo hayo yalitaifishwa tarehe 1 Januari 1947, yakapewa mashine na matumaini makubwa, lakini uzalishaji haukupanda kama ilivyotegemewa na utoro ulikuwa mwingi. Eric Trist wa taasisi ya Tavistock ya London aliingia kwenye suala hilo pamoja na Ken Bamforth, ambaye faida yake ilikuwa ya pekee: aliwahi kuwa mchimbaji.

Zamani wachimbaji walifanya kazi wawiliwawili, pengine na msaidizi mmoja. Walichaguana wenyewe, wakapatana ujira na mwajiri kama kundi, na kila mmoja alijua kazi yote: kuchimba, kupakia, kuegemeza paa kwa magogo. Mwamba ukibadilika, walibadilisha mwendo bila kumwuliza mtu. Mashine zilipokuja, ukuta wa makaa ulirefushwa hadi mita 180 hivi, na watu kama 40 wakagawanywa katika zamu tatu. Zamu ya kwanza ilikata na kutoboa, ya pili ilihamisha mkanda wa kubebea makaa, ya tatu ilijaza. Watu wa zamu moja hawakuonana na wa nyingine, na kila kazi ililipwa kwa kipimo chake. Aliyetoboa vibaya usiku alimwachia mjazaji wa mchana balaa, na mjazaji, akiwa peke yake gizani na sehemu yake ya ukuta, hakuwa na wa kumlalamikia isipokuwa msimamizi. Lawama zilirushwa kutoka zamu hadi zamu. Makala ya Trist na Bamforth ya 1951 ilionyesha kwamba mashine hazikuwa na kosa. Kilichovunjika ni ule umoja uliowawezesha wachimbaji kujirekebisha wenyewe. Katika machimbo kadhaa wachimbaji walikuwa wamekwisha kuuunda upya bila kusubiri mtaalamu. Huko Durham kundi la watu 41 lilichukua mzunguko mzima wa zamu tatu, likagawana malipo sawa na kujipangia lenyewe nani afanye nini, kwa mashine zilezile.

Fikra za Tavistock zilivuka bahari hadi Norwei na Uswidi kabla hazijapata heshima nyumbani kwao. Toyota ilifika kwenye hoja iyo hiyo kwa njia nyingine, na njia hiyo ilipitia kwenye ugomvi.

Kiichiro, mwana wa Sakichi, alikuwa ameanzisha Toyota Motor mwaka 1937. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilikuwa hoi, na mwaka 1950, mabenki yalipodai wafanyakazi wapunguzwe, chama cha wafanyakazi kiligoma kwa wiki kadhaa. Mgomo uliisha mwezi Juni. Zaidi ya watu 2,000 waliondoka, na Kiichiro naye akajiuzulu. Wiki chache tu baadaye Vita vya Korea vilileta zabuni za malori ya jeshi la Marekani, lakini kovu lilibaki. Kampuni iliyochungulia kaburi namna hiyo haikuwa na ujasiri wa kufukuza tena, na chama kilichopoteza wanachama wengi kiasi hicho hakikuwa na hamu ya kugoma tena. Mapatano ya kimyakimya, kazi ya kudumu kwa upande mmoja na ushirikiano kwa upande wa pili, yaliwekwa kwenye tamko la pamoja mwaka 1962. Vitabu vingi vya menejimenti huruka sura hii na kuanzia kwenye taa za kuonyesha tatizo na kadi za kuagizia vipuri. Bila sura hii taa na kadi hazieleweki.

Mtu wa taa na kadi alikuwa Taiichi Ohno, aliyezaliwa 1912 na kuanzia kazi katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda. Alijua vyema mitambo inayojisimamisha. Alipokabidhiwa karakana ya mashine alianza, kuanzia 1947, kumpa fundi mmoja mashine mbili, kisha tatu au nne zilizopangwa kama kiatu cha farasi. Mafundi walimpinga vikali. Mtu aliyejivunia kuwa bingwa wa kukereza hakupenda kuambiwa aendeshe na mashine ya kutoboa. Mwaka 1950 taa za andoni zilianza kutumika katika karakana ya injini, kumjulisha kila mtu mahali penye tatizo. Mwaka 1951, baada ya wakuu wa Toyota, Eiji Toyoda na Shoichi Saito, kuzuru viwanda vya Ford, ulianza mpango wa kukusanya mawazo ya wafanyakazi. Kwa hiyo sanduku la maoni, ambalo wengi hudhani ni hekima ya Mashariki, lilibebwa kutoka Detroit.

Kamba ya kuwashia taa hizo ilikuja kuwa alama ya mfumo wote. Inapita juu ya laini, mahali pa kufikiwa na mkono. Mfanyakazi anayeunganisha kiti akikuta bolti haiingii, anaivuta. Taa ya namba ya kituo chake inawaka njano kwenye ubao, wimbo wa sehemu yake unalia, na kiongozi wa timu anakuja mbio. Laini haisimami mara moja. Gari linaendelea kusogea hadi mpaka wa kituo. Kiongozi akiona tatizo linatatulika kabla ya hapo, anavuta kamba tena na kazi inaendelea. Likishindikana, taa inageuka nyekundu na sehemu hiyo ya laini inasimama. Baadaye watu hukaa chini kutafuta chanzo, na Ohno alisifika kwa kudai swali la kwa nini liulizwe mara tano. Nguvu ya utaratibu huu imo kwa yule anayekuja mbio. Kamba ikivutwa na asije mtu, au akaja mtu wa kufoka, baada ya siku mbili hakuna atakayeigusa.

Kando ya kamba kuna karatasi ya kazi sanifu. Inaonyesha mwendo wa laini, mfuatano wa hatua na idadi ya vipande vinavyotakiwa kuwapo mkononi. Taylor angeitambua karatasi hiyo mara moja. Asingetambua mwandishi wake, kwa kuwa huandikwa na kurekebishwa na viongozi wa makundi na watu wao, palepale karakanani.

Isidhaniwe kwamba Toyota palikuwa peponi. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Satoshi Kamata alijiandikisha kama kibarua wa msimu, na kitabu alichochapisha mwaka uliofuata kilieleza laini inayokwenda kasi, ovataimu isiyoulizwa, na vibarua waliochoka hata kula. Vikundi vya wafanyakazi vya kujadili ubora vilikutana baada ya saa za kazi na kuhesabiwa kuwa ni vya hiari. Mwaka 2007 mahakama ya Nagoya, katika kesi ya mfanyakazi wa miaka 30 aliyefia kiwandani mwaka 2002, iliamua kwamba kifo kilitokana na kazi kupita kiasi, na ikavihesabu vikao vya namna hiyo kuwa sehemu ya kazi. Mwaka uliofuata Toyota ilianza kuvilipia saa zote. Kumsikiliza mfanyakazi kumbe kunaweza kuwa mzigo mwingine juu ya mabega yake, asipolipwa kwa saa anazosikilizwa.

Mtihani mkubwa wa kamba ulifanyika mbali na Japani. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya kuliko karibu vyote vya kampuni hiyo. Utoro ulifikia asilimia 20, pombe ilinywewa kazini, na malalamiko ya chama cha wafanyakazi yalirundikana kwa maelfu. Mwaka 1983 GM na Toyota zilikubaliana kukifufua kwa pamoja kwa jina la NUMMI, chini ya uendeshaji wa Toyota. Kampuni hiyo ilikubali kuajiri kupitia chama kilekile cha UAW, na takriban asilimia 85 ya wafanyakazi wa mwanzo walitoka miongoni mwa waliofukuzwa Fremont. Mamia yao walipelekwa kwenye kiwanda cha Takaoka, katika mji wa Toyota, wakafanya kazi bega kwa bega na Wajapani. Gari la kwanza, Chevrolet Nova, lilitoka Desemba 1984. Ndani ya miaka michache ubora ulikuwa sawa na wa magari ya Japani, na utoro ukashuka hadi asilimia 3 au 4.

Watu ni walewale, na majengo ni yaleyale. Mtafiti Paul Adler, aliyekichunguza kiwanda hicho kwa karibu, aliona jambo ambalo lingewashangaza mafundi wa Watertown: wafanyakazi wenyewe walishika stopuwachi, wakapimana, wakalinganisha njia zao na kuandika iliyo bora. Zama za GM kazi hiyo ilikuwa ya wahandisi wa ofisini wapatao 80. Mwaka 1991 pekee wafanyakazi walitoa mapendekezo zaidi ya 10,000, na zaidi ya asilimia 80 yalitekelezwa. Mkataba ulikuwa umeahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa kazini ila kampuni ikiwa hatarini kweli, na hata mameneja wakatwe mishahara kwanza. Ahadi ilijaribiwa mwaka 1988, mauzo yalipoanguka. Watu waliobaki bila kazi kwenye laini walipewa mafunzo na miradi ya kurekebisha vituo, na hakuna aliyefukuzwa. Ni baada ya hapo ndipo imani ilipokomaa, kwa sababu mtu hapendekezi namna ya kuokoa dakika kumi kama dakika hizo zitamla mwenzake.

Wapo waliokosoa. Mike Parker na Jane Slaughter, waandishi wa upande wa vyama vya wafanyakazi, waliandika mwaka 1988 kwamba huo ulikuwa usimamizi wa kubana watu: laini huongezwa kasi makusudi hadi taa ziwake, ili udhaifu uonekane na ukazwe tena. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo wafanyakazi wachache sana wa NUMMI walisema wangependa kurudi kwenye enzi ya GM.

GM ilijaribu kuiga kwingine, kikiwamo kiwanda cha Van Nuys kusini mwa California, na mambo hayakwenda. Kamba zilifungwa, mabango yakabandikwa, lakini mameneja walioendelea kupimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka mlangoni hawakuweza kuvumilia laini isimame. Van Nuys ilifungwa mwaka 1992. NUMMI yenyewe ilitoa gari la mwisho mwezi Aprili 2010, baada ya GM kufilisika na kujitoa, na mwaka huohuo majengo yakauzwa kwa Tesla.

Uswidi ilikwenda hatua ya mbele zaidi kwa kuiondoa laini kabisa. Kiwanda cha Volvo cha Kalmar, kilichofunguliwa 1974 chini ya mkuu wa Volvo, Pehr Gyllenhammar, kilibeba magari kwenye vitoroli vya umeme kati ya timu za watu 15 hadi 20, kila timu na mlango wake, bafu lake na chumba chake cha kahawa. Uddevalla, kilichozinduliwa rasmi 1989, kilikuwa na vikundi vya watu wachache vilivyounganisha gari zima tangu mwanzo hadi mwisho. Uddevalla kilifungwa 1993 na Kalmar 1994, mauzo ya Volvo yalipoporomoka. Mabishano kama vilizidiwa kwa ubora wa kazi au vilifungwa kwa kuwa vilikuwa vidogo na mbali na makao makuu huko Gothenburg hayajaisha hadi leo.

Wakati huo mjadala ulikuwa umehamia ofisini. Mwaka 1990 mshauri wa menejimenti Michael Hammer alitoa makala iliyozitaka kampuni zifute michakato yao na kuichora upya badala ya kuitia kompyuta ilivyo. Mfano wake mashuhuri ulikuwa idara ya Ford ya kulipa wauzaji, iliyokuwa na watu zaidi ya 500 ilhali Mazda ilitumia watu 5. Makampuni yalipokea ujumbe huo kwa shangwe na panga: kuchora upya kukawa jina la heshima la kufukuza. Mwaka 1995 Thomas Davenport, mmoja wa waasisi wa fikra hizo, aliandika kwamba mtindo huo uliwasahau watu, na baadaye Hammer mwenyewe alikiri kwamba jicho lake la uhandisi halikuupa upande wa watu uzito uliostahili.

Programu za kompyuta zilirudia kosa hilohilo. Lugha ya BPEL, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kuendesha michakato, ilijua kuzungumza na mifumo mingine ya kompyuta tu. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba hapa karani fulani asome, afikiri, kisha aamue. Mwaka 2005 IBM na SAP zilipendekeza nyongeza ya kumwingiza binadamu. Mchoraji wa mchakato leo anaweza kuweka kazi ya mtu ndani ya mchoro bila taabu. Ni mifumo michache zaidi inayompa mtu huyo kitufe cha kusema kwamba mchakato wenyewe umekosewa.

Tanzania iliingia kwenye historia hii kupitia wodi za hospitali. Kuanzia 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, uliokuwa umejaribiwa kwanza katika hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka. Hatua zake tano zilipewa majina ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, na zikaenea kwenye hospitali nyingine za rufaa. Kazi ilianzia kwenye stoo na makabati ya dawa, na waliofanya uamuzi wa kitu gani kikae wapi walikuwa wauguzi na wahudumu wanaovitumia. Viwanda vilifuata. Mwaka 2013 wizara iliyohusika na viwanda ilianza mradi wa Kaizen, yaani uboreshaji endelevu, pamoja na JICA, wa kufundisha wakufunzi na kuwapeleka kwenye karakana za wenye viwanda vidogo na vya kati.

Mwaka 2021 Kamisheni ya Ulaya ilitoa waraka juu ya kile ilichokiita Viwanda 5.0, ikiweka maslahi ya mfanyakazi pamoja na mazingira na ustahimilivu kuwa nguzo tatu za viwanda vijavyo. Toyota ilikuwa imetangulia kwa vitendo. Mitsuru Kawai, aliyeingia kampuni hiyo akiwa kijana miaka ya 1960 na kupanda hadi kuwa makamu wa rais mwaka 2017, alirudisha kazi za mkono kwenye baadhi ya karakana zilizokuwa za roboti, zikiwamo za kufua krankshafti. Hoja yake ilikuwa kwamba roboti hurudia ilichofundishwa tu, na anayeweza kuifundisha vizuri zaidi ni yule anayeijua kazi kwa mikono yake. Wafanyakazi wakafua chuma kwa nyundo, na kutokana na walichojifunza laini ikawa fupi kuliko ya awali na skrepa ikapungua.